Mgeni Aliyelala Chumbani Kwangu

Mwezi uliopita nilinunua vikombe vya udongo hapa Mbinga, nikafungua boksi mezani nyumbani. Aliyevifunga hakuwa na karatasi wala nailoni, alikuwa ameshindilia majani makavu kila upande. Harufu ikanipanda puani kabla sijaona kikombe hata kimoja: harufu ya nyasi zilizofungiwa mahali pasipo hewa, yenye vumbi na uchachu kidogo kwa mbali. Watu wengi wakikutana na harufu ya utotoni hutabasamu. Mimi nilikasirika. Mume wangu akauliza kama vikombe vimevunjika. Nikamwambia vizima, nina hasira tu, na hasira yenyewe ni ya tangu darasa la pili.

Tulikuwa tunaishi Mbamba Bay, Mama na mimi. Baba alikuwa mwalimu huku juu Mbinga, akishuka kwetu mwisho wa mwezi na furushi la maharage na nguo zake za kufuliwa. Mama alikuwa mkaguzi wa mimea. Kazi hiyo ni ngumu kumweleza mtoto, na sidhani kama watu wazima wa pale bandarini waliielewa vizuri zaidi yangu. Meli ikifika, wenzake wote walikimbilia kupokea ndugu na mizigo. Yeye aliinama kwenye magunia akichungulia mahindi yana wadudu gani, miche imetoka wapi, mikungu ya ndizi imeshika udongo wa nani. Shingoni alining'iniza lenzi ndogo kwa kamba, kama wanawake wa huku mlimani wanavyovaa rozari. Wenzangu shuleni mama zao walianika usipa, dagaa wa ziwa letu, au walishona nguo, kazi ambazo mtu akitaja zinaeleweka. Mimi nikiulizwa nilisema, "Mama yangu anaangalia takataka," kwa sababu ndivyo nilivyoona.

Nilikuja kuelewa nikiwa mkubwa kwamba kazi ile ina dhuluma ndani yake. Ukiifanya vizuri, hakuna kinachotokea. Hakuna shamba lililopona ambalo mtu atakuja kukushukuru nalo. Wanaokukumbuka ni wale tu uliowazuia.

Aliyezuiwa mwaka ule alikuwa Mama Faraja. Alikuwa jirani yetu, mwanamke mrefu mwenye sauti iliyozoea kwaya, na binti yake Faraja alikuwa akikaa nami dawati moja. Mama Faraja alifuata vyungu na mitungi kaskazini mwa ziwa, akaishusha kwetu kwa meli, kisha akaipakia kwenye lori kuipandisha Mbinga na vijiji vya milimani mpaka Litembo, ambako wanawake waliigombania. Barabara ya kupanda huko haina huruma na chombo cha udongo. Ndiyo maana kila chungu kilizungushiwa majani makavu, na katikati ya vyungu pakashindiliwa mengine.

Siku hiyo Mama alichukua konzi moja ya majani hayo, akayapukuta juu ya kitambaa cheupe, akainama na lenzi yake. Alikaa hivyo mpaka Mama Faraja akacheka.

"Mama Jeni, umeona dhahabu?"

Mama hakucheka. Aliniita, kwa sababu nilikuwa nimesimama pembeni nikimvuta nguo nataka kwenda nyumbani, akaniwekea lenzi jichoni ili ninyamaze. Niliona kitu chembamba, cheusi, chenye mistari kutoka juu hadi chini, na kwenye mistari vinywele vifupi vyeupe. Kichwani kilibeba nyuzi laini zilizotawanyika kama mwavuli uliofunguliwa. Kwangu mimi alikuwa mtu. Mtu mwembamba aliyevaa suti nyeusi, ameshika mwavuli mweupe.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Nadhani ni mgeni," Mama akajibu, akili yake ikiwa mbali. "Namwomba Mungu asiwe yeye."

Basi hapo ndipo nilipopotea. Mama alikuwa anazungumzia gugu, kichaka cha jamii ya alizeti alichowahi kukiona kwenye mafunzo mkoa wa mbali. Mbuzi hawakigusi, ukikifyeka kinachipua, na kikishatoa maua mbegu zake hupeperuka kama moshi na kutua shamba la jirani. Tatizo ni kwamba jamii hiyo ni kubwa, na wengi humo ndani ni ndugu zetu wa siku zote. Mchunga tunaoula kwa ugali nao una mbegu za kuruka na manyoya. Iko miti midogo ya dawa kwetu ambayo mbegu zake, zikilazwa juu ya kitambaa, zinafanana na za lile gugu kama watoto wa baba mmoja. Mama alikuwa na wasiwasi, hakuwa na hakika. Angekuwa na hakika tungeteseka siku moja tu. Wasiwasi ndio uliotutesa msimu mzima.

Mkuu wake alisema sampuli ipelekwe kwa wataalamu, na majani yazuiliwe mpaka majibu yarudi. Yazuiliwe wapi, hakusema. Ghala la bandarini lilikuwa na bati lililopasuka upande wa ziwani, upepo ukiingia na kutoka unavyotaka. Mama alipima, akahesabu milango ya watu aliowajua, mwishowe akaona mji mzima una chumba kimoja tu chenye mlango unaofunga sawasawa na dirisha la kioo. Chumba hicho kilikuwa changu.

Nilirudi kutoka shuleni nikakuta godoro langu sebuleni, nguo zangu ndani ya beseni, na magunia yamepangwa chumbani mpaka usawa wa dirisha. Mama alikuwa anabandika nailoni kuzunguka fremu. Alininyooshea kidole, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Mlango huu haufunguliwi. Mgeni yumo humo ndani. Asitoke."

Nilitii, lakini nilishangaa sana. Nyumbani kwetu mgeni alipewa maji ya kuoga, akapikiwa, akakalishwa kwenye kochi. Huyu alifungiwa gizani, na dirisha likabandikwa. Nilidhani ni mgonjwa, au ametoroka mahali. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilisimama mbele ya ule mlango nikasema, "Shikamoo." Hakuitikia hata mara moja. Jambo hilo liliniudhi kuliko kunyang'anywa chumba, maana nilifundishwa kwamba mtu mzima asiyeitikia shikamoo ana jambo moyoni. Siku moja nikafikiri labda ni njaa. Nikachukua kisahani, nikaweka kipande cha muhogo na usipa wachache, nikakisukuma karibu na mlango.

Mama alikikuta kimejaa sisimizi.

"Hiki nini, Jeni?"

"Cha mgeni. Hajala tangu aje."

Mama aliketi pale pale sakafuni, akajifunika uso kwa kanga, mabega yakatikisika. Nilijua analia kwa aibu, kwa sababu nimemuumbua kwamba hajui kukaribisha watu. Miaka mingi baadaye ndipo nilipotambua kwamba alikuwa anacheka, na huenda ndiyo mara pekee aliyocheka kwa raha msimu ule. Alipojifunua alinieleza kwamba mle ndani mna mbegu tu. Sikumwamini. Nani anaipa mbegu chumba, mtoto alale sebuleni?

Vyungu vyenyewe havikuzuiliwa. Mama alivifuta kimoja kimoja kwa kitambaa chenye maji na kumkabidhi mwenyewe. Lakini vyungu bila majani ni mzigo usiosafirika, na ilikuwa wakati wa kiangazi, milima yote imeshapitiwa na moto, hakuna nyasi za kukata. Vikakaa uani kwa Mama Faraja vikipigwa jua. Mbuzi wakaruka juu yake. Kila kimoja kilipopasuka tulisikia mpaka kwetu, na Mama akaangalia chini.

Mama Faraja alikuja mlangoni jioni moja, hakukaribia kiti.

"Mama Jeni, nipe majani yangu."

"Nasubiri majibu, dada."

"Majibu ya majani?"

"Ya mbegu zilizomo."

"Mimi nabeba vyungu kwa majani haya tangu Faraja yuko mgongoni. Leo ndiyo yamepata kesi?"

"Huenda hayana kesi. Ndiyo maana nasubiri."

"Sema tu kwamba una jambo na mimi," Mama Faraja akasema, sauti imeshuka kabisa. "Mtu akiwa na jambo na mwenzake anasema. Hafungi majani ya watu chumbani."

Kesho yake Faraja alihamia dawati la mbele. Watoto wakaanza kuniita Mtoto wa Mama Majani, na mimi nikarudi nyumbani nikamwambia Mama arudishe vitu vya watu. Sikuwa upande wake. Niseme ukweli, sikuwaona watu wawili wenye shida mbili tofauti. Nilimwona mama mmoja mkaidi aliyeninyima chumba na rafiki.

Ningejua alivyokuwa akihangaika pengine ningemhurumia. Sampuli ya kwanza aliituma kwa basi dogo la kupanda mlimani, ikawekwa chini ya ndoo za usipa, ikafika imelowa na kuoza. Ya pili ilifika, akaambiwa anayehusika yuko safarini. Akaazima simu yenye kamera kwa mwenzake, akapiga picha kupitia lenzi yake akiwa amebana pumzi, akapanda kilimani kutafuta mtandao, akazituma. Akajibiwa kwamba picha hazijatulia. Alipiga tena. Alikuwa anarudi kutoka kilimani na vumbi mpaka magotini, anaosha miguu, na nikimuuliza tunakula nini ananiangalia kama amesahau mimi ni nani. Wakati huo upepo wa Mwera ulikuwa umeanza kuvuma kutoka kusini mwa ziwa. Kila alasiri nailoni ya dirishani ilivimba na kunywea, ikivimba na kunywea, na Mama anakwenda kuzigusa kingo zake kwa vidole.

Majibu yalikuja kwa simu. Nilikuwa sakafuni nafanya hesabu juu ya godoro langu. Mama alisikiliza akiwa amesimama, kisha akarudia maneno aliyoambiwa, polepole, kama mtu anayetafsiri lugha ngeni.

"Ni mbegu za jamii ya alizeti."

Akasikiliza tena.

"Hilo nililijua kabla sijavua viatu siku ile ya meli," akasema. "Nauliza ni ipi katika jamii hiyo."

Haikujulikana. Mbegu peke yake haikutosha, wangehitaji ua. Na kwa kuwa gugu halina jina, mkuu wake alisema hakuna sababu ya kushikilia mali ya mtu. Majani yarudishwe kwa mwenyewe kabla ya lori la mwisho wa wiki. Lori lenyewe lilikuwa la Litembo. Huko ndiko Mama alikozaliwa. Huko Bibi, mama yake, alikuwa na kahawa yake na mahindi yake mlimani, kwenye ngoro, yale mashimo ya kuzuia mmomonyoko ambayo Wamatengo huyachimba upya kila msimu na kufukia humo majani yoyote makavu wanayopata ili yaoze yawe mbolea. Mtu akitaka kupanda gugu mahali lisipotoka tena, hawezi kupata mahali pazuri kuliko pale.

Mama aliikata simu. Aliangalia mlango wa chumba changu, akaangalia ukuta, kisha akaangalia nilipokaa.

"Jeni, simama kidogo."

Nilidhani nimekalia kitu chake. Alikwenda jikoni, akarudi na kisu cha kukatia samaki, akapiga magoti, akaanza kukata godoro langu. Alilikata vipande virefu, kisha mraba mraba. Alipomaliza akaingia chumbani kwake akalitoa la kwake, nalo akalikata. Nililia kwa sauti ambayo bila shaka ilisikika ziwani. Hakunibembeleza wala hakunikemea. Alifunga sponji zile kwenye mashuka, akaniwekea fungu moja kichwani, tukatoka.

Mama Faraja alikuwa uani akipanga vyungu vilivyobaki. Mama alitua mzigo mbele yake na kuufungua.

"Fungia hivi," akasema. "Majani niachie. Nimeambiwa nikurudishie, na ukiyataka nitakupa sasa hivi, ni haki yako. Nakuomba uniachie."

Mama Faraja aliokota kipande kimoja, akakigeuza. Kilikuwa na maua ya zambarau ya foronya ya godoro langu, na doa la chai niliyoimwaga nikiwa mdogo. Aliniangalia, macho yangu yamevimba.

"Umekata la mtoto?"

"Na langu."

Alikirudisha kipande kwenye shuka.

"Basi kweli unaogopa," akasema.

"Naogopa sana. Lori lako linaishia kwa mama yangu."

"Nilidhani unanionea."

"Hata mimi ningedhani hivyo."

Hawakukumbatiana wala hakuna aliyeomba msamaha. Mama Faraja alimwita binti yake alete kamba. Asubuhi iliyofuata, kabla upepo haujaamka, wanawake wale wawili waliyamwagia maji magunia yakiwa bado yamefungwa, wakayatoa moja moja, mmoja kashika kichwa na mwingine miguu kama wanaobeba majeruhi. Wakayachoma ndani ya shimo na kufukia majivu. Faraja na mimi tuliambiwa tusimame mbali. Tulisimama bila kusemeshana, kisha akaniuliza nitalala wapi. Nikamwambia mkekani. Akasema na yeye angependa kulala mkekani.

Ningefurahi kama mambo yangeishia pale, lakini Mama alitaka jina. Alikuwa amebakiza mbegu chache kwenye karatasi, zote zilizosalia. Akazipanda kwenye kopo la rangi, akalifunika kipande cha chandarua, akaliweka uani karibu na jiko. Walitaka ua, basi atawapa ua. Nyingi hazikuota. Zilizoota zilinyauka moja baada ya nyingine, ikabaki miche miwili: mmoja ulitandaza majani laini yenye meno, mwingine ulisimama wima na majani ya pembe tatu. Kila akiamka Mama aliusalimu ule wa pili kabla ya kunisalimu mimi. Ulikua, naye hakuthubutu kuuvunja hata jani moja asije akauua. Mvua zikaja, zikapita. Ikafika wakati akasema vitumba vinakaribia, na akaenda kuweka miadi ya ile simu yenye kamera.

Ndipo Bibi aliposhuka kutoka Litembo kututembelea. Hakuwa ametoa taarifa. Alifika mchana, akanikuta nimerudi kutoka shuleni kula, Mama bado yuko bandarini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umekonda hivi?"

Bibi hakujua kukaa bure. Nilipokuwa namaliza kuosha vyombo uani kwa jirani, kwenye bomba, yeye alikuwa ameshafagia, ameshasonga ugali, na ameshachuma. Mama aliingia wakati chakula kinatengwa. Alimsalimia mama yake kwa furaha, akakaa, akaangalia bakuli la mboga.

"Nimechanganya majani ya maboga na mchunga wenu ule," Bibi akasema. "Mmeufunika kama mtoto mchanga, ndiyo maana umekuwa laini."

Mama aligeuka kuangalia uani. Chandarua kilikuwa kimekunjwa vizuri juu ya tofali. Kopo lilikuwa na udongo mtupu, uliosawazishwa kwa kiganja.

"Na ule mwingine, mama?"

"Upi?"

"Uliosimama."

"Lile gugu? Nimeling'oa sasa hivi, nimelitia motoni. Kopo hilo nitawapandia vitunguu."

Mama alikimbilia jikoni. Alitumbukiza kijiti ndani ya jiko akachakura, akatoa kitu cheusi kilichokatikia mkononi mwake. Bibi alimwangalia asielewe, kisha akavuta beseni ili anawe, maana ugali ulikuwa unapoa.

"Mama, usinawe," Mama akasema kutoka mlangoni.

"Nile bila kunawa?"

Mama alipiga magoti, akaushika mkono wa kulia wa Bibi kwa mikono yake miwili, akauleta puani. Alinusa vidole kimoja kimoja. Jani lile alikuwa amelisaga mkononi mara moja tu maishani, kule kwenye mafunzo, na akaambiwa na mwalimu wake kwamba harufu hiyo haisahauliki. Alifumba macho.

"Ni yeye?" nikauliza.

"Ni yeye."

Hakuwa na furaha hata chembe. Alinituma nikamwite Mama Faraja, nami nikakimbia, nikamkuta anafua, akaja na povu mikononi. Bibi alikuwa amekaa vilevile, mkono ameuinua kama mwanafunzi anayetaka kujibu swali, akinung'unika kwa Kimatengo juu ya watoto wanaosoma mpaka wanawanyima wazazi chakula. Nilipewa nafasi na mimi. Vidole vya Bibi vilinuka moshi na kitunguu, na chini yake kitu kikali, kama mafuta ya taa yaliyochanganywa na dawa ya kikohozi. Mama Faraja aliinama akanusa kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo ndilo," akasema.

"Ndilo."

"Lori lingelipandisha."

"Lingelipandisha."

Mama Faraja alijifuta mikono kwenye kanga. "Sasa utawaambia nini wakubwa zako?"

Mama aliutazama ule mkono. Hakukuwa na mbegu iliyobaki, wala jani, wala picha. "Niwapelekee mkono wa mama yangu?" akauliza, na hakuwa anatania.

"Mkono wangu hauendi popote," Bibi akasema. "Una njaa."

Mama alichukua birika, akashika beseni kwa mkono mwingine, akaanza kummiminia maji kidogo kidogo, kama mtu anayetaka yasiishe. Bibi alijipaka sabuni mpaka kwenye kifundo, akasugua vidole vyote, akajisuuza, akakung'uta. Mama aliweka birika chini, akamshika mkono kwa mara nyingine, akanusa.

Ilikuwa sabuni tu.